Urefu wa Zuhura na Pindo la Bibi Yake

Siku ya kwanza nilipokabidhiwa mpira wa Kiaustralia niliugeuzageuza mkononi, nikauliza nani ameukalia. Hakuna aliyecheka. Mama Maureen, ambaye ndiye aliyenipa, alinitazama kwa yale macho yake ya kuchoka akasema, "Uangushe." Nikauangusha. Ukagonga sakafu kwa ncha, ukaruka kushoto, ukapita chini ya viti vya watazamaji na kwenda kugota mlangoni. Nikaufuata mbio. Niliporudi nao huku nahema, akaniambia kazi nimepata.

Nyinyi mnaoshika nafasi yangu mmenisumbua tangu siku mlipokata keki ya kuniaga: Mama Beda andika, Mama Beda utasahau. Haya, naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hamtakuta humu. Mengine hata mimi sikuambiwa.

Nilikuja Saint Paul, hapa Minnesota, Marekani, kusoma elimu ya michezo nikitokea Songea, ambako nilikuwa mchezaji wa mpira wa pete, na sijisifu nikisema wapinzani walikuwa wananiogopa. Baada ya masomo nikaajiriwa kufundisha michezo katika shule moja ya Coon Rapids. Watoto wa pale niliwafundisha pete. Wao walidhani ni mpira wa kikapu ambao mtu ameuibia ubao. Siku moja akaingia mama wa Kizungu, mrefu, koti limemzidi, amekuja kuulizia kukodi ukumbi. Akaniona nikipiga kelele, "Miguu! Tazameni miguu yenu!" Akaketi, na hakuondoka mpaka kipindi kikaisha. Kumbe huko Australia pete inachezwa kila mtaa kama kwetu. Huyo ndiye Maureen, na kazi yake ilikuwa kutafuta wasichana wa Kimarekani wa kwenda kuchezea klabu moja ya huko kwao.

Mchezo wenyewe nitaueleza mara moja tu. Uwanja ni wa duara refu kama yai, mkubwa kiasi cha kulima mahindi. Wachezaji ni wengi mno. Mpira unaupiga kwa mguu, unakimbia nao, unaugonga kwa ngumi kumpa mwenzio, lakini ukiurusha kwa mkono kama binadamu wa kawaida unapulizwa filimbi. Mwanzoni refa anaurusha juu, na warefu wawili, mmoja wa kila timu, wanaruka kuugombania. Hao warukaji ndio tuliokuwa tukiwatafuta sisi. Hapa Minnesota wasichana warefu waliocheza kikapu chuoni wamejaa, wakimaliza mwaka wa mwisho hawajui warefuke kwa ajili ya nini tena. Kila mwaka vilabu vya Australia hukaa siku moja kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, jina baada ya jina, na siku hiyo inaitwa drafti. Sisi kazi yetu ilikuwa kupeleka majina na vipimo. Hakuna klabu inayochagua mrukaji ambaye haijui urefu wake, kama vile wewe hununui pazia bila kujua dirisha.

Maureen hakuwa mtu wa maneno. Alinifundisha kwa kunyamaza, na nilipokosea aliguna. Jambo la kwanza alilonionyesha ni lile la kuangusha mpira. Mpe binti mpira, mwambie auangushe, halafu usiutazame mpira, mtazame uso. Ukiruka upande asioutegemea, kuna anayeutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Huyo mpe chai umuage vizuri. Kuna anayecheka kisha anaukimbilia. Huyo andika jina lake kabla hajarudi. Jambo la pili ni miguu wakati wa kutua. Kuruka kila mtu anaruka. Tazama anavyorudi chini, kama goti linaingia ndani, maana goti hilo litakuja kuwaliza wote.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: saa ya kusimamisha, chaki, kibao cha kuweka kichwani, futi ya chuma na mipira. Kupima mruko, unampaka binti chaki vidoleni, anasimama ukutani ananyoosha mkono na kuacha alama, kisha anaruka na kuacha nyingine. Kuna kumbi nyingi katika jimbo hili zenye alama za wasichana wangu juu kabisa mahali ambapo ufagio haufiki, na wafagizi wake hawajanisamehe. Mipira usiiache kwenye buti la gari mwezi wa Januari. Inakuwa mawe, na binti akiipiga unampeleka hospitali. Mimi nilikuwa naubeba mpira ndani ya koti, tumboni, uendelee kupata joto. Dukani Maplewood mama mmoja akanishika bega kwa upole akaniuliza natarajia lini. Baridi ilikuwa kali, sikuwa na nguvu za kueleza. Nikamwambia Machi.

Wengi niliwapoteza, na si kwa vipimo. Ni kwa nyoka. Binti anakimbia vizuri, anaruka vizuri, amekubali kila kitu, halafu anaingia kwenye simu yake kutazama Australia ikoje. Kesho yake hapokei. Baadaye nikajifunza kuwataja nyoka mwenyewe, mapema, nikinywa chai, kama mtu anayetaja mvua.

Maureen alipostaafu na kurudi kwao, aliniachia kibao na futi. Aliniambia, "Usiwapende kabla ya kuwapima." Nikamwitikia, na nikaendelea kuwapenda kabla ya kuwapima.

Ndiyo maana nataka niwaelezeni habari za Zuhura, kesi yangu ngumu kuliko zote, katika msimu wangu wa mwisho.

Zuhura alikuwa anamaliza chuo, anacheza kikapu kwa wastani tu. Wazazi wake ni watu wa Tanga, wanaishi Maplewood. Baba dereva wa malori, mara nyingi hayupo. Mama anafanya kazi hospitali. Aliyemlea ni bibi yake mzaa mama, Bi Mwanaisha, fundi cherehani anayeshonea nusu ya Watanzania wa Saint Paul, na nusu iliyobaki wanamwogopa. Zuhura ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ila kwa Bibi. Kwa Bibi Kiingereza hakiingii.

Nilimpa mpira akauangusha. Ukamrukia puani. Alicheka mpaka akakaa chini, akainuka na machozi ya kicheko, akaufuata pembeni ya ukumbi, akaniuliza kama anaweza kujaribu tena. Alipoanza kuruka nilisahau kubonyeza saa. Alitua kama paka. Mwezi mzima alinifuata kila ukumbi nilikokwenda, ametoka darasani, hajala. Aliniambia kikapu alikicheza kwa sababu ni mrefu na watu walimsukumia huko, lakini huu mchezo ameuchagua mwenyewe, na hajawahi kutaka kitu namna hii. Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Mimi moyoni nilishamaliza kazi.

Klabu ikataka vipimo: urefu wa mwili na upana wa mikono. Chuo kilikuwa na urefu wake kwenye tovuti, lakini timu za vyuo zimezoea kuwarefusha wachezaji wao, na kila mtu wa kazi hii anajua. Basi Jumapili moja nikaenda Maplewood na futi yangu na kibao changu. Nyumba inanukia iliki. Bi Mwanaisha amekaa dirishani na cherehani yake, pini mdomoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hicho chuma cha nini?"

"Ni futi, Bibi. Nimekuja kumpima Zuhura urefu."

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Kisha akauliza, "Nani kafa?"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Kwetu mtu anapimwa urefu siku moja tu," akasema, "na siku hiyo mwenyewe hana habari. Anapimwa, watu wanakwenda kuchimba. Mjukuu wangu hapimwi."

Mama Zuhura, aliyekuwa akikaanga maandazi, akaingilia kati. "Mama, jamani, hospitali tunapima watu kila siku."

"Na hawafi?"

Mama Zuhura akarudi kwenye maandazi yake.

Nilimvuta Zuhura kando, nikamwambia yeye ni mtu mzima, tunaweza kwenda ukumbini dakika mbili tu tukamaliza. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha upole kwamba hatafanya jambo kwa kumficha Bibi, na kama ndiyo bei yake, basi hataki. Nilikasirika. Nikakasirika zaidi kwa sababu alikuwa sahihi.

Nikarudi kwa Bibi, nikakaa chini kwenye mkeka. "Bibi, wewe unashona bila kupima?"

"Nisiposhika futi nitashonaje? Lakini mimi napima nguo. Simpimi mtu."

"Sasa Bibi, ungemshonea Zuhura baibui la kizamani, lile la kuanzia utosini mpaka chini kabisa, si ungepima?"

Bibi si mjinga, aliona ninakokwenda. Lakini pia alikuwa hajamshonea mjukuu wake kitu siku nyingi, maana Zuhura na suruali zake za mazoezi walikuwa hawaachani. "Baibui na mikono yake?" akauliza.

"Na mikono yake, Bibi. Kutoka ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kile."

"Nitapima mwenyewe, siku ninayotaka mimi, na wewe usiwepo na chuma chako."

Siku aliyotaka yeye ikawa ndiyo siku ya mwisho ya kutuma majina. Mimi nilikuwa Shakopee, nimekaa garini nje ya ghala, namsubiri msichana mwingine atoke zamu. Mama Zuhura akanipigia, akanisomea namba. Niliposikia urefu nikasema mashallah, na mimi ni Mkatoliki. Nikatuma pale pale kabla mtandao haujakatika.

Australia wakapagawa. Kwa namba zile, Zuhura alikuwa anamzidi kila mrukaji wa kike waliyewahi kumwona, na mikono yake ingefikia paa. Mkuu wa usajili, Bwana Darren, ambaye miaka yote nilipomwomba aje Minnesota wakati wa baridi alipatwa na mafua ghafla, safari hii akasema anakuja. Akashuka na kijikoti cha kwendea sokoni. Nilimpa blanketi la gari langu, akajifunika kama mwali.

Nikampeleka Coon Rapids ukumbini. Zuhura akaja kumsalimia, akampa mkono. Darren akaupokea, akatabasamu, akaendelea kutazama mlango nyuma yake.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Ndiye huyu."

"Ndiyo, lakini yule mrefu?"

Niliona uso wa Zuhura. Binti ambaye maisha yake yote watu wamemwita twiga, leo ndiyo mara ya kwanza anaambiwa ni mfupi. Darren akasimama karibu naye, bega kwa bega. Kwa namba tulizotuma, Zuhura alitakiwa kumpita kichwa. Walikuwa sawasawa. Akasema tumwone akiruka, akaona, na akaacha kutetemeka kwa baridi. Lakini kwenye gari alikuwa akizisoma zile namba upya kwenye simu yake. Mimi nikaendesha moja kwa moja mpaka Maplewood, Zuhura amekaa nyuma, maana nilitaka kujua kilichotokea kabla sijafa kwa aibu.

Bi Mwanaisha hakuona tatizo lolote. "Nimeongeza pindo," akasema, na alisema kwa fahari. "Baibui bila pindo ni kitambaa tu. Nikaweka na nafasi ya mabega. Mikono nikaacha ya kukunja. Na mtoto bado anakua."

"Bibi, ana miaka ishirini na moja."

"Amekwambia ameacha?"

Ikabidi nimtafsirie Darren. Hakuelewa pindo ni nini, nikamfunulia pazia la dirishani nikamwonyesha. Alilishika pindo la pazia muda mrefu, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka blanketi likamdondoka, na Mama Zuhura akacheka, na mimi nikacheka kwa woga. Alipomaliza akajifuta macho akasema maneno ambayo sikupenda kuyatafsiri. Alisema hajaona mruko kama ule mwaka mzima. Alisema pia kwamba kule kwao wameshazisoma namba za mwanzo, na kama hakurudi na vipimo vya kweli, vya ukutani, alivyovishuhudia kwa macho yake, jina litafutwa. Ndege yake ilikuwa asubuhi. Akaniomba nimwambie Bibi kwamba anasikitika sana.

Nikamwambia Bibi neno kwa neno. Zuhura akamsogelea Bibi, akainama, akamwekea mkono begani, akasema kwa Kiswahili, "Haidhuru, Bibi." Akatabasamu. Lile tabasamu lilikuwa baya kuliko kilio. Kisha akaenda jikoni akafungua bomba, na maji yakawa yanatiririka tu, hakuna anachoosha.

Bi Mwanaisha alisikiliza yale maji. Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya cherehani. "Mimi ndiye nimemharibia," akasema. Alikuwa anaongea na yeye mwenyewe.

Halafu akainuka. "Kiko wapi kile chuma chako?"

"Garini, Bibi."

"Kalete."

Nilitoka bila koti, nikateleza kwenye barafu, nikarudi na futi na kibao. Nilipoingia nikamkuta Bibi amevua makubazi, amesimama ameegemea ukuta wa koridoni, visigino pamoja, mtandio ameutengeneza vizuri.

"Nipime."

"Bibi, si wewe, ni Zuhura..."

"Najua si mimi. Sijachanganyikiwa. Kama kuna kitu kinafuata hiyo futi, basi kinikute mimi nimetangulia. Mimi nimeshaishi, nimezaa, nimelea, nimeona theluji. Nipime mimi kwanza."

Maji jikoni yakafungwa. Zuhura akatokea mlangoni, mikono inadondosha maji, akasema, "Bibi, usifanye." Bibi akamwambia anyamaze, wakubwa wanafanya kazi. Darren akaninong'oneza niseme alichosema mama huyu. Nilipomwambia, akavua kofia yake.

Nikamwekea Bibi kibao kichwani, taratibu sana. Nikasoma, nikamtajia.

Akakodoa macho. "Nani, mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Acha upuuzi. Mimi si mfupi hivyo. Pima tena."

Nikapima tena. Ikatoka ile ile. Akasema kibao changu kina kasoro, na kwamba ukuta wa nyumba hii tangu mwanzo haujanyooka, alishamwambia mwenye nyumba. Akasogea pembeni. "Haya. Njoo mama."

Zuhura akasimama ukutani. Bibi akamshika mkono, akafumba macho, midomo yake ikawa inacheza kwa dua. Nimepima wasichana wengi mno katika kazi hii, lakini siku hiyo nilikisawazisha kibao mara mbili. Nikasoma urefu. Nikapima na mikono, kidole kwa kidole, na Bibi hakumwachia mpaka nilipomwomba aachie kidogo huo mkono mmoja. Darren akaangalia namba kwa karibu, akaangalia tena, akaitikia kwa kichwa. Haikuwa namba ya baibui, lakini ilitosha kufikiriwa. Bi Mwanaisha akalala mapema akisubiri kufa, na asubuhi akaamka akadai chai.

Siku ya drafti tulikaa wote sebuleni Maplewood, jioni. Huko Australia ilikuwa mchana wa kesho yake. Majina yakawa yanasomwa mtandaoni. Kila jina Bibi aliuliza, "Huyo nani? Mtoto wa nani?" na Mama Zuhura akawa anajibu hamjui. Wengi wakapita. Zuhura alikuwa amekaa chini, amekumbatia magoti. Nami nikaanza kutunga maneno ya kumfariji, maana ni kazi niliyoizoea. Majina yalipobaki machache sana, klabu yetu ikaitwa tena, na mtu akasoma jina la Zuhura.

Mama Zuhura alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi niliruka, na magoti yangu haya si ya kuruka. Zuhura alikuwa amelala chali kwenye zulia, anacheka na kulia. Bi Mwanaisha alibaki kwenye kiti. "Mbona mwisho mwisho?" akauliza kwa hasira. "Hao wote waliotangulia wanamzidi nini?" Kisha akajifunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yakaanza kutikisika.

Nikaenda nikakaa karibu naye. Hakuniangalia. Alisema kwa sauti ndogo, "Niliomba asiitwe. Kila walipotaja mwingine nilishukuru. Halafu walipomtaja yeye nikafurahi, moyo ukaruka. Sasa mimi ni mtu wa namna gani?"

"Wewe ni bibi yake," nikamwambia.

Akavuta kamasi, akapangusa macho, akapigapiga mto wa kiti kumwita Zuhura. Zuhura akaja akakaa, mrefu, magoti yamemfika kidevuni. Bibi akamshika mkono wa kuume kwa mikono yake miwili, na hakumwachia mpaka chai ilipopoa.